Semina, kozi ya mtandaoni au kikundi cha idara? Njia tatu za kumwandaa mwalimu wa sayansi kufundisha kwa nyenzo za mtandaoni

Januari, kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa, ndipo shule nyingi za sekondari hapa Uganda zinapokaa na bajeti ya mwaka. Mafunzo ya walimu huangukia karibu na mwisho wa orodha, baada ya unga wa posho, maharage, mafuta ya jenereta na mabati ya paa. Mwaka huu, katika shule yetu upande wa Tororo, mkuu wa shule aliniita mimi ninayesimamia idara ya sayansi akaniambia wazi: "Mwalimu, kuna pesa za jambo moja. Niwapeleke watu wawili semina, niwanunulie wote bando mkasome kozi kwenye simu, au niwaachie projekta na muda mjinoe wenyewe hapa hapa?"

Nimepita njia zote tatu kwa miaka tofauti, na kila moja imenipa kitu ambacho nyingine hazikunipa. Ndiyo maana sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikaandika ninachokijua kuhusu kila njia, na hiki unachosoma kimetokana na maandishi hayo. Ni kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa masomo, na kwa mwalimu wa fizikia, kemia au biolojia anayejiuliza aziweke wapi Jumamosi zake na shilingi zake.

Tunapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza kwangu kinavizidi vingine vyote: je, mwalimu anatoka mafunzoni na somo mkononi? Cheti hakitoshi, wala orodha ya tovuti. Namaanisha somo lenye mada iliyomo katika muhtasari wa NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, lenye swali atakalouliza kabla ya kuwasha projekta, na mahali atakaposimamisha video ili wanafunzi waandike. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza kwamba mwalimu anayetumia teknolojia vizuri huunganisha ujuzi wa aina tatu: wa somo lenyewe, wa namna ya kufundisha, na wa kifaa. Mafunzo mengi niliyoyaona huishia kwenye kifaa. Mtu anafundishwa kufungua akaunti, kupakua faili na kuunganisha waya, kisha anarudi shuleni asijue afanye nini na wanafunzi tisini wanaotazama ukuta.

Chukua saketi ya umeme. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu inakula mkondo, hivyo mkondo unaotoka ni mdogo kuliko ulioingia. Ukiwaonyesha saketi kwenye skrini moja kwa moja, watafurahia rangi na imani yao itabaki pale pale. Lakini waagize kwanza waandike daftarini amita, kile kipimo cha mkondo, itasoma ngapi kabla ya balbu na ngapi baada yake, wabishane na jirani, ndipo uwashe. Sasa ule usomaji unaolingana pande zote mbili unamgusa kila aliyeandika vingine. Kutabiri, kutazama, kueleza: hatua hizo hazimo ndani ya programu, zimo kichwani mwa mwalimu, na ndizo mafunzo yanazopaswa kujenga.

Vigezo vingine ni vya kawaida zaidi, lakini ndivyo vinavyoangusha mipango mizuri. Gharama ni kiasi gani, na inatoka mfukoni mwa nani? Muda unatoka wapi, kwenye likizo, usiku au kwenye vipindi? Njia hiyo inadai intaneti na umeme kiasi gani? Na muhula ukiisha, nini kitakuwa kimebaki shuleni?

Kwanza, neno "mtandaoni" lisikutishe

Nimesikia walimu wakiikataa mada hii yote kwa sentensi moja: "Sisi hatuna intaneti." Ni kweli kwa shule nyingi, lakini intaneti ya kutafutia nyenzo na intaneti ya darasani ni mambo mawili. Nyenzo nyingi nzuri za sayansi zinahitaji mtandao mara moja tu, siku ya kuzipakua.

PhET ni mfano ninaoutumia zaidi. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni mkusanyiko wa programu za uigaji, yaani majaribio ya kwenye skrini ambayo mwanafunzi anayachezea mwenyewe: saketi, kusawazisha milinganyo ya kemia, uteuzi asilia, mawimbi. Ni bure, nyingi unaweza kuzipakua zikafunguka bila mtandao, na kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inakwenda mbali zaidi: unaiweka kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, na vifaa vingine vilivyo chumbani vinasoma masomo na mazoezi kupitia ruta isiyo na intaneti kabisa. RACHEL ya World Possible hufanya kazi inayofanana na hiyo, na Kiwix inakupa Wikipedia nzima ndani ya flashi.

Kwa hiyo unapolinganisha njia hizi, uliza mambo mawili kwa kuyatenga: mafunzo yenyewe yanahitaji mtandao kiasi gani, na yanakufundisha nyenzo ambazo darasa lako linaweza kuzitumia mtandao ukiwa umekatika? Wenye kukumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, hawahitaji maelezo marefu.

Jambo moja zaidi kabla ya kulinganisha. Skrini haichukui nafasi ya maabara. Mtihani wa vitendo wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, unamtaka mtoto ashike amita halisi, asome bureti kwa jicho lake, akosee na kurekebisha. Uigaji ni mzuri kwa kile kisichoonekana, kama elektroni na chembe za gesi, na kwa jaribio ambalo shule haina kemikali zake. Mafunzo yoyote yanayokuambia ufunge kabati la maabara yatilie shaka, yawe ya njia ipi.

Semina ya ana kwa ana

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Waliofundisha muda mrefu wanaikumbuka SESEMAT, mpango wa walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Japani kupitia JICA, shirika lake la misaada, baada ya Kenya kutangulia na mpango kama huo, SMASSE. Huko ndiko wengi tulikojifunza kutengeneza vifaa vya jaribio kwa chupa za maji na mirija ya soda, na kuzunguka hatua za kupanga, kufundisha, kutazama na kurekebisha. Semina za leo za nyenzo za mtandaoni zina umbo lile lile: siku tatu hadi tano wakati wa likizo, ukumbi mmoja, mwezeshaji mbele, walimu wa shule mbalimbali.

*Somo mkononi.* Hapa semina zinatofautiana kama mchana na usiku. Moja niliyohudhuria ilimaliza siku mbili kwa kufungua akaunti na kungoja mtandao, na tukaondoka na cheti bila kuandika andalio hata moja la somo. Nyingine, fupi kuliko hiyo, ilitutaka tuje na mada tutakayofundisha muhula uliofuata. Siku ya mwisho kila mmoja wetu alifundisha dakika kumi na tano mbele ya wenzake, nao wakauliza maswali kama wanafunzi. Somo la shinikizo la gesi nililoandika siku ile nalifundisha hadi leo. Kabla ya kulipa, omba ratiba. Kama haina saa za kuandaa na kufundisha somo lako mwenyewe, unanunua maonyesho.

*Gharama.* Ndiyo njia ghali kuliko zote kwa kila mwalimu: nauli, malazi, chakula, mara nyingine ada. Kwa hesabu ya shule yetu, kumpeleka mtu mmoja Kampala kwa siku nne kulilingana na bando la walimu sita kwa muhula mzima. Semina inayolipiwa na mradi hubadilisha hesabu hiyo, ila miradi haiji kila mwaka.

*Muda.* Haigusi vipindi, na hilo ni jema. Lakini likizo ya mwalimu wa sayansi haiko tupu: kuna kusahihisha mitihani ya taifa Desemba hadi Januari, kuna shamba, kuna shule ya pili anakofundisha. Na kuna jambo linalosemwa kwa sauti ndogo: akina mama wenye watoto wachanga huachwa nyuma na semina za kulala mbali na nyumbani. Katika idara yetu mwalimu wa biolojia amezikosa tatu mfululizo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

*Intaneti na umeme.* Ukumbini vyote vipo, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwalimu anafanya mazoezi kwa mtandao wenye kasi, kisha anarudi mahali ambapo laini inasoma kijiti kimoja ukisimama karibu na mwembe. Mwezeshaji mzuri huzima mtandao kwa makusudi siku moja na kusema, "Sasa fundisheni."

*Kinachobaki.* Kinabaki kwa aliyekwenda. Mpango wa kwamba atarudi kuwafundisha wenzake huandikwa kila mara na kutekelezwa kwa nadra, kwa sababu hakuna aliyemtengea saa. Hata hivyo kuna kitu ambacho semina peke yake inakipa vizuri: mkono wa mtu. Mwalimu aliyefundisha kwa chaki miaka ishirini na mitano na hajawahi kushika kipanya hawezi kuanzia kwenye kozi ya simu. Anahitaji mtu akae kando yake, amwonyeshe, arudie bila kumwaibisha.

*Inamfaa* mwalimu anayeanza kabisa na vifaa, na shule ambayo haina hata mmoja wa kuwaongoza wengine.

Kozi ya mtandaoni

Wakati shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wengi wetu tuligundua kwamba mwalimu naye anaweza kusoma kwa simu. Tangu hapo kozi zimekuwa nyingi. PhET ina mafunzo ya walimu. TESSA, mtandao wa vyuo vya Afrika ulioanza mwaka 2005 chini ya Open University ya Uingereza, unatoa moduli za bure za namna ya kufundisha, zikiwemo za sayansi ya sekondari. Vyuo vikuu navyo vina kozi fupi. Nyingine zina mwezeshaji na tarehe za mwisho, nyingine unajisomea peke yako.

*Somo mkononi.* Kozi yenye kazi ya kuwasilisha, yaani uandike somo, ulifundishe, ulete ripoti au picha ya daftari za wanafunzi, inaweza kukupeleka mbali kuliko semina. Kozi ya video na maswali ya kuchagua inakupa maarifa tu. Tatizo kubwa ni ulinganifu na mtaala wetu. Aliyeandaa kozi hana habari kwamba tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini unadai shughuli za kuunganisha ujuzi, wala kwamba kuanzia UCE ya mwaka 2024, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya chini, kazi za shuleni zinabeba asilimia 20 ya alama na mtihani asilimia 80. Kutafsiri mfano wa Colorado kuwa somo la Tororo ni kazi utakayoifanya mwenyewe usiku.

*Gharama.* Ada mara nyingi hakuna. Data ndiyo ada. Tangu Julai 2021, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, kila bando tunalonunua limebeba ushuru wa asilimia 12. Kwa mwalimu wa sayansi mwenye digrii anayelipwa na serikali shilingi milioni 4 kwa mwezi tangu mwaka wa fedha 2022/23, bando linabebeka. Kwa mwenzake wa shule binafsi, au yule anayelipwa kwa michango ya wazazi, video za saa moja zinashindana na sukari ya nyumbani. Shule inayosema "someni mtandaoni" bila kulipia data imehamisha gharama na kuiita mafunzo.

*Muda.* Unasoma saa nne usiku watoto wakilala, unasimama, unaendelea kesho. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo udhaifu wake. Kozi huria za mtandaoni duniani kote wanaoanza ni wengi na wanaomaliza ni wachache. Mimi nimemaliza mbili, na zote mbili nilisoma pamoja na rafiki wa shule ya jirani. Kila Jumapili jioni tulipigiana simu kuulizana tumefika wapi.

*Intaneti na umeme.* Inadai kuliko njia nyingine, kila wiki. Tafuta kozi inayoruhusu kupakua video na maandishi. Angalia pia kikundi cha majadiliano kiko wapi: Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, kwa hiyo kozi inayotegemea kikundi cha huko itakusumbua. WhatsApp na Telegram ni salama zaidi kwa bando dogo.

*Kinachobaki.* Kwako binafsi, kingi. Unapata tabia ya kujitafutia, na unajua sasa mwanafunzi anayejifunza kwa skrini anachoshwa na nini. Kwa shule kinabaki kidogo, isipokuwa useme unachojifunza chumba cha walimu kisikie.

*Inamfaa* mwalimu aliyekwisha kuzoea simu au laptopu, mwenye nidhamu ya peke yake, au aliye peke yake shuleni katika somo lake. Inamfaa pia anayefundisha kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kyangwali, ambako walimu waliotoka Kongo wanafikiri kwa Kifaransa na Kiswahili. Nyenzo za TESSA zipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na ni mlango mzuri wa kuingilia.

Kikundi cha idara

Hii haina mwezeshaji wala cheti. Walimu wa idara wanakaa pamoja, wanachagua mada moja na nyenzo moja, wanaandaa somo, mmoja analifundisha na wengine wanakaa nyuma ya darasa. Wanaotazama hawamtazami mwalimu, wanawatazama wanafunzi: nani ameandika, nani amesinzia, nani amecheka mahali ambapo hakuna cha kuchekesha. Baadaye wanalirekebisha, na mwingine analifundisha katika mkondo wa pili wa darasa hilo. Wajapani wana jina la utaratibu huu, jugyō kenkyū, uchunguzi wa somo, na wameufanya katika shule zao kwa vizazi.

*Somo mkononi.* Hapa hakuna mshindani, kwa sababu somo ndilo mafunzo. Wiki ya kwanza nilileta video ya dakika tisa kuhusu usanisinuru, nikiwa na hakika nimepata dhahabu. Mwalimu wa kemia aliitazama yote kimya, kisha akaniuliza: "Mwalimu, video ni nzuri. Swali liko wapi?" Tulikaa saa nzima tukitafuta swali. Tulipolipata, dakika nne tu za video ndizo zilizohitajika, na nyingine tano tuliwapa wanafunzi wachore walichofikiri kinaendelea ndani ya jani. Hakuna kozi iliyowahi kunifunza zaidi ya ile saa moja.

Lakini kikundi kinajua kile tu wanachokijua waliomo. Mwaka mmoja tulitumia video ya joto kwa mikondo miwili kabla ya msichana wa S1, yaani kidato cha kwanza, kuinua mkono na kuuliza kwa nini maji ya Marekani yanachemka kwa digrii 212. Sote tuliitazama ile video, na hakuna aliyegundua kwamba ilihesabu kwa Fahrenheit. Makosa ya namna hii, pamoja na tahajia kama "sulfur" mahali ambapo vitabu vyetu vina "sulphur", mtu mwenye uzoefu angeyaona siku ya kwanza. Kikundi kisicho na hata mmoja aliyetangulia kinaweza kuzunguka palepale muhula mzima kikidhani kinasonga.

*Gharama.* Pesa ni kidogo: data ya kupakulia mara moja kwa wiki, flashi, chai. Projekta ndiyo kikwazo, na kama haipo, laptopu moja kwa kila kundi la wanafunzi kumi inawezekana kwa kuzunguka.

*Muda.* Hapa ndipo kinapolipiwa. Ili watatu wakae nyuma ya darasa la mwenzao, vipindi vyao lazima viwe vimepangwa kuwaruhusu. Bila mkuu wa masomo kuandika jambo hilo kwenye ratiba, kikundi kitakufa wiki ya nne, mitihani ya katikati ya muhula inapoanza. Na walimu wa muda wanaokimbia na boda boda kwenda shule ya pili saa saba hawawezi kubaki jioni, hata wakitaka kwa moyo wote.

Niseme pia lililo nyeti. Mishahara ya sayansi ilipopandishwa mwaka 2022 na ya masomo ya sanaa ikabaki ilipokuwa, walimu waligoma mwezi Juni, na vidonda vile havijapona vyote katika vyumba vya walimu. Katika shule yetu, mtu hodari kuliko sote kwa kompyuta ni mwalimu wa jiografia. Tulimwendea na kumwomba, si kumtuma. Tulihakikisha saa zake zinahesabiwa, na somo lake la kwanza la ramani za satelaiti tuliliandaa naye kabla ya letu. Kikundi kinachomtumia mwenzako kama fundi wa bure hakidumu, wala hakistahili kudumu.

*Intaneti na umeme.* Kinadai kidogo kabisa. Mmoja anapakua mjini Jumamosi, wote wanafanya kazi bila mtandao.

*Kinachobaki.* Folda ya masomo yaliyojaribiwa kwenye madarasa yenu, kwa mtaala wenu, ambayo mwalimu mpya anaikuta. Na tabia ya kuingia darasani kwa mwenzako bila hofu ya kukaguliwa.

*Inafaa* idara yenye walimu wanne au zaidi, mmoja wao akiwa tayari ameonja nyenzo hizi, na uongozi unaokubali kugusa ratiba.

Hali yako ni ipi?

Kama shule ina maabara ya kompyuta, labda ile iliyoletwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kupitia mfuko wake wa mawasiliano ya vijijini, lakini walimu wa sayansi hawaingii humo, tatizo ni mtu wa kwanza. Semina kwa mmoja au wawili ina maana hapo, kwa sharti lililoandikwa kabla ya nauli kutolewa: wanarudi na masomo mawili, na wanatengewa saa mbili za kuyafundisha mbele ya wenzao.

Ukiwa mwalimu pekee wa fizikia katika shule ya mashambani, kikundi cha idara ni ndoto. Chukua kozi inayopakulika, na tafuta mwenzako wa shule ya jirani wa kusoma naye. Shule mbili au tatu zilizo karibu zinaweza pia kukutana Jumamosi moja kwa mwezi. Hicho nacho ni kikundi.

Kwa aliye chuoni bado, anayesubiri mazoezi ya kufundisha, kozi ni nafuu na muda upo. Apeleke somo moja la uigaji kwenye mazoezi hayo na amwombe msimamizi alitazame.

Mwenye watoto wachanga au mgonjwa wa kuuguza asilazimishwe semina ya kulala. Shule inunue data, na imhesabie saa za kozi kama inavyowahesabia wengine siku za semina.

Shule binafsi ambako walimu hubadilika kila mwaka ina swali gumu zaidi, kwa sababu mwalimu inayempeleka semina Januari anaweza kuwa kwingine Mei. Hapo folda ya kikundi ina thamani kuliko ujuzi wa mtu mmoja, hata kama kikundi chenyewe ni dhaifu.

Na kama ni muhula wa tatu na S4 wako ukingoni mwa UCE, usianze lolote kati ya haya na darasa hilo. Anza na S1, ambao wana miaka minne mbele yao na hawajazoea kunyamaza.

Kwetu sisi, tulio watano katika idara, wawili tukiwa tumewahi kwenda semina, nilimrudia mkuu wa shule na ombi la namna mbili: vipindi viwili vya Jumatano viachwe wazi kwa idara yote, na bando la mwezi kwa mwalimu wa biolojia amalize kozi aliyoianza mwaka jana. Pesa zilizobaki zinunue taa mpya ya projekta. Alikubali vipindi na bando. Taa itasubiri muhula wa pili. Somo la kwanza ni saketi, S3, wiki ya pili ya Februari, kwa laptopu tatu na betri halisi kando ya kila moja. Mwalimu wa jiografia atakaa nyuma.